Kaka yako hajapotea, na jambo kubwa kuliko yote umeliandika mstari mmoja tu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile orodha uliyoambatanisha nimeisoma mara nyingi zaidi ya hapo, kwahiyo jibu litakuwa refu, nivumilie.

Kwa wasomaji wengine, kwa kifupi ni hivi. Huyu dada kaenda kumtembelea kaka yake, ambaye yeye na mkewe ni wamisionari nchi ya mbali, sasa ni mwaka wa 9 wako kule, kakaa nao wiki tatu. Kila jioni alikuwa anaandika kwenye kidaftari alichokiona kuwa ni tofauti na alivyozoea. Watu wakialikwa saa 9 wanafika saa 10 na nusu na hakuna anayeomba radhi. Zawadi alizobeba kwa mapenzi yote zilipokelewa zikawekwa pembeni bila kufunguliwa, na asante yenyewe aliisikia kwa tabu. Wakiongea naye hawamwangalii usoni. Kaka yake siku hizi ukimuuliza kitu anakaa kimya kwanza, muda mrefu mpaka unajiuliza kama amesikia. Watoto wa kaka, mmoja ana miaka 12 mwingine 9, wanagombana na kutaniana kwa lugha ya kule, shangazi akiingia chumbani wanabadilisha lugha na mchezo unaishia hapo hapo. Na namba 14 kwenye orodha, mstari mmoja tu: mama anayewasaidia kazi za nyumbani ana kikombe chake peke yake, kinakaa rafu ya chini, hakuna mwingine anayekitumia. Wiki ya mwisho wakiwa mezani dada akasema "hawa watu wako kaka hawana shukrani kabisa", kaka akanyanyuka akatoka nje, na mpaka leo wakipigiana simu kila mmoja anachagua maneno. Anauliza amekosea wapi, je kaka amepotea, na mwakani mama yao naye anataka kwenda, amwandaeje.

Mi kazi yangu kwa zaidi ya miaka 20 ni kuwaandaa wamisionari na familia zao kabla hawajaondoka, na kuwapokea wakirudi. Na katika miaka yote hiyo watu tunaowasahau kuwaandaa ni ndugu wanaokwenda kutembelea. Mmisionari anapewa miezi ya mafunzo, anafundishwa lugha, anafundishwa adabu za kule, afu ndugu yake anapanda ndege na sanduku la zawadi tu, hakuna aliyemwambia chochote. Kwahiyo usijilaumu sana, kosa lako ni la mtu ambaye hakuambiwa.

Kaka yako hajapotea. Nalisema mapema ili usisome huku moyo unakudunda.

Sasa tuje kwenye orodha. Una vitu 17 pale na vyote umevipa kichwa kimoja, "mambo ya huku". Hapo ndo tatizo lilipoanzia. Ile nyumba uliyofikia ina mambo ya aina tatu yamechanganyika. Kuna mambo ya nchi yenyewe, yaani jinsi watu wa pale walivyolelewa. Kuna mambo ya misheni, ambayo ni ulimwengu wake kabisa, una sheria zake na aibu zake, na mara nyingi mwenyeji wa pale anaushangaa kama wewe tu unavyoushangaa. Afu kuna mambo ya kaka yako na mkewe, mazoea waliyojitengenezea wao ili waweze kuishi katikati. Mgeni akifika anayaona yote kwa pamoja kupitia dirisha moja, anadhani ameiona nchi. Kumbe nchi ameiona kidogo sana, alichokiona zaidi ni nyumba ya mmisionari.

Chukua zawadi. Hili ni la nchi, au niseme la nchi nyingi, maana ni sehemu nyingi duniani ambapo kufungua zawadi mbele ya aliyeileta ni utovu wa adabu. Ukiifungua pale pale unaonekana una tamaa, na usipoipenda uso wako utasema kabla ya mdomo, mleta zawadi aaibike. Kwahiyo wanaiweka pembeni kwa heshima. Wewe umeona wameitupa kando, wao wamekulinda. Na asante vilevile. Kuna jamii ambazo asante ya mdomoni kati ya watu wa karibu inasikika kama umefunga hesabu, umelipa, basi tusidaiane tena. Shukrani yao inakuja baadae kwa mikono, mtu anatokea asubuhi moja kuja kukusaidia kitu hujamwomba. Mfaransa mmoja anaitwa Marcel Mauss aliandika kuhusu hili mwaka 1925, akaonyesha kwamba zawadi ina wajibu tatu ndani yake, kutoa, kupokea na kurudisha, na kwamba huko kurudisha kunachukua muda wake. Sasa we umekaa wiki tatu, umeona kutoa na kupokea, ukaondoka kurudisha hakujafika zamu yake, ukaandika "hawana shukrani". Tena ukisoma siku ya 19 kwenye daftari lako mwenyewe, umeandika kuna mwanamke alikuja bila taarifa akakaa na wewe mchana mzima mkichambua mboga, hamuelewani lugha, na hukujua amefuata nini. Siwezi kuapa, lakini mi nadhani ile ndo ilikuwa asante yako mwanangu.

Angalia maneno uliyotumia kuandika. "Wamealikwa saa 9 wamefika saa 10 na nusu", hiyo ni kitu ulichokiona, mtu yeyote angekaa pale angekiona. "Hawajali muda wa mwenzao", hiyo hukuiona, umeiongeza. Kuna zoezi tunalowafanyisha watu darasani, unaandika kwanza jicho limeona nini, hapo unaweka nukta, afu chini yake unaandika maelezo yasiyopungua matatu yanayoweza kuwa kweli, na hukumu ndo inakuja mwisho kabisa kama bado unayo hamu ya kuhukumu. Linaonekana zoezi la kitoto lakini nimeona watu wazima wenye digrii zao wanashindwa, maana akili yetu haiweki nukta, inakimbia moja kwa moja kutoka kwenye jicho mpaka kwenye hukumu. Kwa upande wa muda, Edward Hall, Mmarekani aliyekuwa anafundisha wanadiplomasia wa nchi yake miaka ya 1950, aliona kwamba kuna watu wanaofanya jambo moja kwa wakati mmoja na muda kwao ni kama kamba iliyonyooka, na kuna wanaobeba mambo mengi na watu wengi kwa pamoja, na kwa hawa wa pili kumkatisha jirani aliyekuja kukueleza msiba ili uwahi mwaliko ndo ukosefu wa heshima wenyewe. Kwahiyo yule aliyechelewa kwako inawezekana alikuwa anamheshimu mtu mwingine njiani. Na macho hivyo hivyo. Kutomwangalia mkubwa au mgeni usoni, sehemu nyingi sana ni heshima, sitalirefusha.

Ukiona mfano huu mkubwa utaelewa kwanini nang'ang'ania hii habari ya kuona na kueleza. Kulikuwa na padri Mtaliano, Matteo Ricci, Mjesuiti, yaani wa shirika mojawapo la mapadri wa Kikatoliki, aliingia China mwaka 1583. Akataka afanane na watu wa dini wa pale, akanyoa kichwa akavaa kama mtawa wa Kibudha. Mwaka 1595 akalivua lile vazi akavaa kanzu ya wasomi wa Kikonfusio, kwasababu alikuja kugundua kwamba kwa wale wakubwa aliotaka kuongea nao, watawa hawakuwa na heshima aliyodhani wanayo. Miaka 12 mwanangu! Mtu mwenye akili ile, anaishi pale pale, anajifunza lugha usiku na mchana, alikuwa ameisoma nguo vibaya kwa miaka 12. Sasa mimi na wewe kwa wiki tatu?

Na baada yake likaja kubwa zaidi. Wachina walikuwa wanainama na kufukiza ubani mbele ya vibao vya majina ya wazee wao waliofariki. Wamisionari wote waliona kitu hicho hicho, moshi ule ule, magoti yale yale. Wajesuiti wakasema hii ni heshima ya mtoto kwa mzazi, mkristo anaweza kuifanya. Wadominika na Wafransisko, mashirika mengine ya Kikatoliki, wakasema hapana, hii ni ibada. Ugomvi ukafika Roma, Papa Clement XI akakataza, mwaka 1704 na tena 1715, mfalme wa China, Kangxi, akaona watu wa nje wanataka kumweleza yeye maana ya mila zake mwenyewe, mwaka 1721 akapiga marufuku mahubiri yao nchini kwake. Roma ikakazia tena marufuku mwaka 1742. Afu mwaka 1939 Roma ile ile ikasema sawa, ruksa, ni heshima za kiraia. Zaidi ya miaka 200 watu wanaumizana, waumini wanalazimika kuchagua kati ya kanisa na baba zao waliozikwa, na chanzo ni maelezo waliyoyaweka juu ya kitendo ambacho wote walikiona sawasawa. Mi hiyo historia kila nikiisimulia darasani inaniuma upya.

Turudi nyumbani kwa kaka yako, kwenye mambo ya misheni, na hapa ndo nataka usome taratibu.

Wanaogonga lile geti ni nani? Ni watu wa kanisa, ni wafanyakazi, ni wenye shida, ni wanaotaka barua ya kumwombea mtoto nafasi shule. Hao wote wanasimama mbele ya mmisionari, na mtu akisimama mbele ya mwenye gari na ufunguo na simu ya wafadhili anakuwa na namna yake ya kusimama. Sauti inashuka, macho yanashuka, "ndiyo" zinakuwa nyingi. Ukimwona hivyo ukaandika "watu wa huku ni wapole sana hawapingi kitu" umemwelezea mtu akiwa ofisini kwa kaka yako. Huyo huyo jioni yuko kwao anabishana mpaka mishipa ya shingo inatoka. Ndo maana nasema ukienda tena omba uwe hata siku mbili tatu nje ya ile nyumba, kama kuna familia iliyokualika kalale kwao, utaona nchi nyingine kabisa.

Na tukiongelea misheni namba 14 haikwepeki. Kikombe.

Wewe umekiandika mstari mmoja ukaendelea. Ukaweka alama ya mila za kule. Unaweza kuwa uko sahihi, zipo sehemu ambako kutokuchangia vyombo ni mila ya muda mrefu na mwenyewe ndo anayetaka kikombe chake, au anakipenda tu, au kuna sababu ya afya iliyowahi kutokea. Sijui hiyo nyumba, kwahiyo siwezi kusema ni ipi. Lakini nimeingia nyumba nyingi za wamisionari na kile kikombe cha rafu ya chini nimekutana nacho mara nyingi, nchi ambazo hazifanani kwa lolote, na kila nilipouliza nilijibiwa "tulikikuta". Familia iliyotangulia iliacha nyumba, ikaacha samani, ikaacha na utaratibu. Mmisionari mpya anafika kachoka, anaonyeshwa jikoni, anaambiwa hivi ndivyo tunavyofanya, mwaka wa kwanza kinamkwaruza moyoni, mwaka wa tatu hakioni tena. Kaka yako wa mwaka wa 9 hakioni kabisa. Mgeni wa siku ya 4 anakiona mara moja. Hilo ndo jicho la mgeni, na linadumu siku chache sana, baada ya hapo na wewe unazoea kama wao. Wewe ulilitumia kuwahukumu wenyeji kwa zawadi ambazo waliziweka pembeni kwa heshima, ukampita mama anayekunywa chai peke yake. Nakuambia hivi kwa upendo, hasira yako haikuwa mbaya, ila uliipeleka kwa wasiohusika.

Tuje kwa kaka mwenyewe. Kuna mtu anaitwa Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Canada, mwaka 1954 alitoa mhadhara Rio de Janeiro kwa kundi la wanawake wageni waliokuwa wanaishi kule, na mwaka 1960 ukachapishwa kwenye jarida la anthropolojia lililokuwa likisomwa sana na wamisionari. Humo ndimo alimoeleza mshtuko wa utamaduni kwa hatua ambazo mpaka leo tunazifundisha: mwanzo kila kitu kinapendeza, afu kila kitu kinakera, afu unaanza kupumua, afu unaishi. Na sababu aliyoitaja ni nzuri sana, kwamba mtu anakuwa amepoteza zile alama ndogo ndogo elfu moja zinazomwambia ashike vipi mkono, aongee lini, akatae lini. Alizitaja na dalili zake, kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi na maji na chakula, hasira kubwa kwa ucheleweshaji mdogo, hamu kali ya kurudi nyumbani. Sasa fungua daftari lako. Wiki ya kwanza umeandika "watu wakarimu ajabu". Wiki ya tatu "kila kitu hapa ni kusubiri" imetokea mara nne, na habari ya maji ya kunywa siku tano mfululizo. Watu ni wale wale mwanangu, aliyebadilika ni wewe, ulikuwa umeingia hatua ya pili, tena ndo siku zile ukaongea mezani. Kaka yako hatua hiyo aliipita miaka 8 iliyopita, nadhani aliilia peke yake usiku bila kuwaambia nyie nyumbani, na siku ile amekusikia ukiongea kama alivyokuwa anaongea yeye kipindi anachokionea aibu.

Na kile kimya chake kabla ya kujibu. Kila jamii ina urefu wake wa pumziko kati ya anayemaliza kusema na anayeanza. Kwa wengine ukikaa kimya sekunde mbili umeishiwa, kwa wengine ukijibu haraka umedharau swali, hukulipima. Kaka yako miaka 9 anaongea na watu wanaopima. Limeingia mwilini, hata akiongea lugha yenu linatoka lenyewe, hajui kama analifanya. Kila akianza kujibu we ulishaingia na swali lingine, mlikuwa mnagongana hivyo wiki tatu, afu wewe ukarudi ukasema hanisikilizi na yeye bila shaka anasema dada hanipi nafasi.

Kuna na uchovu ambao mgeni hauoni. Kuanzia asubuhi kaka yako anatafsiri, anawatafsiria wenyeji wewe na anakutafsiria wewe wenyeji, na kila tafsiri anapunguza makali kidogo huku na kule ili wote mpendane. Unachofanya wewe kinaandikwa kwa jina lake, wewe utaondoka yeye atabaki. Ndo maana ulipopiga picha wale watoto barabarani alishusha sauti akakuomba uache, hakuona aibu nao, wale wana wazazi na wazazi wanajuana naye. Na neno lako la mezani, yule mama wa jikoni alikuwa hatua nne, hata kama hajui lugha yenu sauti ya dharau haihitaji tafsiri. Pia "hawa watu wako". Umemwambia kwa neno moja kwamba wewe na yeye si wa upande mmoja tena. Hilo ndo lililomtoa nje, nina hakika kuliko habari ya shukrani.

Mwaka 1855 Hudson Taylor, kijana Mwingereza aliyekuwa China, alivaa mavazi ya Kichina akanyoa mbele akaacha ule mkia wa nywele nyuma, na wazungu wenzake wakamcheka na kumwona amejishusha. Wenyeji wakawa wanamsikiliza kwa utulivu zaidi. Wamisionari karibu wote ninaowajua wana toleo lao la hiyo hadithi, na wanaowacheka mara nyingi ni ndugu. Wifi yako naye ana lake, umeandika tu kwamba "amekuwa mkimya", mpigie peke yake siku moja umuulize habari zake yeye, siyo za kaka.

Watoto. Hapa naomba uwe mpole sana. Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Ruth Useem, miaka ya 1950 alikwenda India na mumewe na watoto wao, akachunguza Wamarekani waliokuwa wanaishi kule kikazi, wakiwemo wamisionari. Kutokana na kazi ile ndo tukapata hili neno la watoto wa utamaduni wa tatu. Wa kwanza ni wa wazazi, wa pili ni wa nchi wanakokulia, wa tatu ni ule unaozaliwa katikati na wanaojuana nao ni wale wenye maisha kama yao tu. Walipobadilisha lugha ulipoingia ulidhani wanakuficha, mi nasoma tofauti, walikuwa wanakupa heshima kwa lugha yako, ila kwa hiyo lugha hawajui kutaniana, wanajua kusalimia na kuomba na kusali kwa sababu ndo wanayotumia na wazazi. Utani wameujifunza kwa watoto wa kule. Kwahiyo mchezo unakufa wenyewe.

Ulimuuliza yule mdogo "kwenu ni wapi?" akanyamaza ukamcheka kidogo. Binti mmoja wa wamisionari niliwahi kumpokea ana miaka 11, kila mtu uwanja wa ndege anamwambia karibu nyumbani karibu nyumbani, usiku akamuuliza mama yake "mbona hawa wote wanasema nyumbani na mimi sijui choo kiko wapi?" Kwa mtoto yule nyumbani ni mahali unapojua choo kilipo gizani. Kwahiyo swali lile acha. Waambie "nitembezeni", wakuonyeshe njia zao, duka lao, mti wanaoupanda, wakufundishe neno moja la utani ulikosee wakucheke wewe. Watakuwa wenyeji wako na mchezo utarudi. Na wakija likizo nyumbani msishangae wakikosa furaha, kurudi nako kuna mshtuko wake, watafiti wawili, mke na mume wa jina la Gullahorn, waliandika hilo mwaka 1963, kwamba mtu anapanda na kushuka tena upya anaporudi kwao, na kwa mtoto ni mbaya zaidi kwasababu kila mtu anamwambia amerudi wakati yeye ndo kwanza ameondoka.

Sasa mama. Asiende wiki tatu kama zako zilizojaa ratiba. Mwambie kaka yako siku mbili za kwanza asimpeleke popote, wala asisimamishwe kanisani kusalimia akiwa bado anasikia ngurumo za ndege masikioni. Aulize mapema ataitwa nani, maana sehemu nyingi mama wa mtu fulani ana jina lake la heshima na kulijua kabla kunamfanya aitike. Ajifunze salamu, kuaga, kushukuru na kukataa kwa adabu, hizo nne zinatosha, na kukataa ndo muhimu zaidi kwa mtu mzima mwenye masharti ya chakula. Zawadi achague wifi yako, siyo wewe. Akiongea kupitia mkalimani aseme sentensi fupi na amwangalie anayeongea naye, au kama macho ni shida basi aelekee upande wake, asimgeukie kaka yako kana kwamba yule mwingine hayupo, nimeona wazee wa heshima wakiumia kwa hilo tu. Na akiona kitu cha ajabu asiulize "kwanini mnafanya hivi", hilo kwanini hata liwe tamu vipi linamweka mtu kizimbani, aulize "ningekuwa binti wa hapa ningefanyaje?" Watu wanapenda sana kukufundisha ukiuliza hivyo. Amuulize mwenyeji, afu baadae amuulize na kaka yako, majibu mawili yakitofautiana basi hapo amejifunza kitu kuhusu misheni.

Siyo kila kitu nasema ukivumilie, usinielewe vibaya. Ukimwona mtoto anaumizwa, ukimwona mtu anadhalilishwa, awe anadhalilishwa na mwenyeji au na mmisionari, unasema. Ila unasema faraghani, na unaanza na ulichokiona siyo na jina ulilokipa.

Kwahiyo mpigie kaka yako, usitume meseji. Omba radhi kwa lile neno "watu wako", lile tu, usiongeze maelezo mengi kwamba ulikuwa umechoka. Siku nyingine, siyo hiyo hiyo, mwambie: "Kaka kuna kitu niliandika siku ya 4 na sikukuuliza. Niliona kikombe cha mama wa jikoni kiko rafu ya chini peke yake. Kilianzaje?" Ishia hapo. Atakaa kimya kabla ya kujibu, na safari hii usikijaze kile kimya.